Mia Mbili Langoni, Ishirini Kilimani

Kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu nyama, Mwanatatu husimama mlangoni pa bucha yake hapa Majimbo, Embu, kisu mkono mmoja na kinoo mkono wa pili, akisikiliza magari. Haitazami barabara. Anatazama kisu. Gari likipita nyuma yake, anasema kama mtu anayeitikia salamu, "Huyo ni mwalimu wa Kibugu. Breki za nyuma bado hajabadilisha." Linapita lingine. "Hilo ni la mwenye duka la mbolea. Plagi moja imekufa, naye anafikiri ni mafuta mabaya." Yakifika magari kumi, anasema bismillahi, anaangika paja la kwanza la ng'ombe kwenye ndoano, na siku inaanza.

Mimi ni mpangaji wake. Chumba changu kiko nyuma ya bucha, ukuta mmoja na friza, na kwa miaka mitatu nimelala nikisikia friza hiyo ikinguruma. Naitaja mapema kwa sababu habari hii yote ni ya friza, ingawa watu wengi wa Embu wanadhani ilikuwa ya magari.

Mwanatatu ana miaka hamsini na minne. Watu humwita Mama Rukaya, kwa jina la binti yake aliyeolewa Isiolo. Marehemu mume wake, Adan, alikuwa dereva wa lori la ng'ombe, na kwa miaka kumi na mmoja Mwanatatu aliketi kando yake safari nzima, kwa sababu Adan alikuwa mtu wa kusinzia na mkewe hakuwa mtu wa kunyamaza. Walipoishiwa na mazungumzo ya nyumbani walizungumza habari za injini. Adan alipofariki, alimwachia bucha, deni dogo, na masikio hayo.

Friza aliinunua mwenyewe. Ndicho kitu pekee katika bucha kilichonunuliwa kikiwa kipya, na kinaweza kubeba ng'ombe mzima aliyekatwakatwa. Nilidhani mwuza nyama hutegemea kisu. Siyo. Mwuza nyama asiye na friza lazima auze kila kitu siku ile ile aliyochinja, na wanunuzi wanajua hivyo, kwa hiyo wanamsubiri mpaka saa kumi na mbili jioni ndipo waje kuuliza bei wakiwa wanacheka.

Julai mwaka jana, jioni moja, Subaru ya buluu iliingia ndani ya bucha. Iliingia pua tu. Ilivunja ubao wa bei na nusu ya ukuta wa mbele, ikasimama bampa ikiwa imeigusa friza kama ng'ombe anayenusa ndama. Dereva alikuwa Gachoki, fundi wa magari wa miaka ishirini na sita, ambaye alikuwa akishindana na mwenzake kutoka mzunguko wa juu hadi hapa chini. Watu walijaa mara moja, wakitaraji kuona kijana akipigwa.

Mwanatatu alitoka na kisu mkononi. Gachoki alishuka na mikono juu.

"Mathe, pole. Pole sana. Tulikuwa tunapima tu nani anatoka haraka."

"Gia ya tatu uliiweka mapema," Mwanatatu alimwambia. "Ndiyo maana ilikosa nguvu kwenye kona."

Waliokuja kuona kijana akipigwa walirudi nyumbani hawajaona kitu. Lakini mimi nilikuwa dirishani, nikasikia yaliyobaki.

"Mko wangapi mnaofanya huu upuzi?"

"Kumi na wanne, mathe. Na Wameru wako wengine huko kwao. Inaitwa dragi. Magari mawili, mita mia nne, moja kwa moja. Hakuna kona."

"Na mnakimbia hapa mbele ya nyama yangu, watu wanatazama, na hakuna anayelipa?"

"Hakuna, mathe. Ni bure."

"Hapo ndipo mlipokosea," alisema Mwanatatu.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kamati. Gachoki alikuwa mwenyekiti. Mweka hazina alikuwa Nelius, ambaye ni mweka hazina wa kanisa lake, wa chama cha akina mama, na wa mtu yeyote anayetaka pesa zake zikae mahali bila kuguswa. Mimi nilifanywa karani bila kuulizwa. "Huyu Kawira amesoma mpaka wakamwambia inatosha," Mwanatatu aliwaeleza wajumbe. Kisha akanigeukia. "Lakini wewe kwenu ni Meru. Usije ukaandika kwamba Wameru wameshinda kabla hawajafika."

Mahali tulipata upesi. Chini ya Runyenjes kuna barabara mpya ya lami ambayo inashuka kati ya mashamba ya kahawa, inanyooka karibu kilomita moja, kisha inafika mtoni na kuisha, kwa kuwa daraja halijajengwa. Hakuna anayeitumia isipokuwa mbuzi. Mita mia nne za kukimbia, mita mia tatu za kusimama, kisha ukuta wa magunia ya maganda ya kahawa, kisha mto. Mkuu wa polisi alikubali kwa masharti manne: ambulensi, bima, kamba za kuzuia watu, na barua yenye sahihi ya kila dereva kuonyesha kwamba ameelezwa habari za mto. Barua hiyo niliiandika mimi. Ilisema, "Mimi mwenye sahihi hapa chini nimeambiwa kwamba mbele kuna mto." Wote walitia sahihi. Mmoja tu kutoka Meru aliuliza kina chake.

Tarehe aliichagua Mwanatatu, na alinieleza sababu huku akikata mbavu. Bonasi ya chai hutoka Oktoba, na Kibugu wote ni wakulima wa chai. "Bonasi ikiingia," alisema, "mtu wa Kibugu anakula nyama siku tatu. Siku ya nne anarudi kwa sukuma na maharagwe, na huwezi kumtoa huko mpaka Krismasi. Kwa hivyo mbio ziwe siku ya pili."

Mabango yalituletea shida kidogo. Gachoki alitaka moto na fuvu la kichwa. Mwanatatu alitaka bei ya nyama. Aliyechapisha alisikiliza wote wawili, na bango likatoka na Subaru ikiwaka moto, na chini yake: NYAMA KILO MIA SITA. Kwa wiki mbili nilipokea simu za watu waliotaka kujua kama nyama hiyo ilitoka kwenye ajali.

Tangazo lililofanya kazi kweli halikuchapishwa. Mwanatatu alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa mtu anayemfahamu kwenye stendi ya miraa huko Meru, akamwambia kwamba vijana wa Embu wanasema pikapu za miraa hukimbia kwa sababu tu dereva amechelewa kufikisha mzigo uwanja wa ndege, na kwamba zikipewa muda wa kutosha ni kama mikokoteni. Ya pili ilikwenda kwa kinyozi wa Runyenjes, akamwambia kwamba Wameru wanasema Subaru za Embu zina kelele nyingi kama mtu mwenye njaa. Simu zote mbili zilimgharimu shilingi kumi na nne. Kufikia Jumapili watu walikuwa wakigombana mpaka kwenye foleni ya dawa ya ng'ombe.

Ilibaki habari ya Kaimenyi. Kaimenyi hukodisha mahema, viti na spika, na ndiye aliyekuwa na njia ya kupata ambulensi. Kila kitu pamoja kilifika shilingi elfu sitini na nane. Mwanatatu alitoa elfu ishirini. Elfu arobaini na nane zilizobaki zilikuwa zilipwe siku yenyewe, kabla ya saa kumi na moja jioni. Kaimenyi ni mtu mpole sana. Alisema hana wasiwasi, na kwamba pesa zikikosekana yeye huchukua chochote kinachotumia stima. Alipoyasema hayo alikuwa ameegemea friza.

Hayo pia niliyaandika. Mwanatatu alitia sahihi, nikatia yangu kama shahidi, na usiku huo mngurumo wa friza ukutani haukunipendeza.

Hesabu ilikuwa nzuri. Watu mia sita, tiketi ya shilingi mia mbili kila mmoja, jumla elfu mia moja na ishirini. Niliizidisha mara mbili kwa kalamu na mara moja kwa simu. Haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kilima.

Sote tulikuwa tumeitembelea ile barabara mara tano, na mara zote tano tulikuwa tukitazama chini, tukipima lami. Hakuna aliyeinua kichwa. Upande wa kulia, kutoka mwanzo wa mbio hadi mwisho, kuna shamba la kahawa la Mzee Njoka, limeinuka taratibu kama ngazi. Na wiki hiyo hiyo Mzee Njoka alikuwa amepogoa kahawa yake, mpaka ukikaa chini unaona kila kitu kuanzia magurudumu hadi mtoni.

Jumamosi, saa nne asubuhi, langoni kulikuwa kumeingia watu sitini na mmoja. Nelius alikuwa ameketi kwenye meza yake ndogo na kitabu cha risiti, kofia ya kanisa kichwani, akikitoza kila kitu kilichotembea. Alikuwa amewatoza madereva. Alikuwa ameitoza ambulensi, na ilibidi Mwanatatu aje mwenyewe kuirudishia.

"Dereva wa ambulensi hajaja kutazama, Nelius."

"Ana macho," alisema Nelius.

Kilimani nako kulikuwa kumejaa. Nilihesabu mpaka mia tatu nikaacha. Walikuwa wameketi kwa mistari kwenye majani ya migomba, wakiwa na miavuli, watoto, na githeri kwenye mikebe, kwa hiyo hata nyama hawakuwa na haja nayo. Bodaboda zilizowaleta zilikuwa zimepangwa nyuma yao vizuri kuliko magari ya kamati.

Mwanatatu alinishika mkono tukapanda. Mzee Njoka alikuwa kwenye njia ya shamba, koti begani, mkebe wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia, mkononi.

"Mzee Njoka, hujambo?"

"Sijambo, Mama Rukaya. Ishirini."

"Mimi ndiye mwenye mbio."

"Na mimi ndiye mwenye kilima. Ishirini."

Mwanatatu alitoa ishirini. Mzee Njoka akanitazama.

"Huyu ni karani wangu tu," alisema Mwanatatu.

"Karani pia ishirini."

Alilipa. Akasimama akatazama chini, lami nyeusi, mahema yetu meupe, viti mia tatu na watu sitini na mmoja ndani yake.

"Kweli huku kunaonekana vizuri," alisema.

"Asante," alisema Mzee Njoka.

"Lakini hawa ni watu wangu unawachukua."

"Sijamchukua mtu. Wamepanda wenyewe kwa miguu yao. Kwani barabara ni yako?"

"Nimeilipia leo."

"Na hewa iliyo juu yake umeilipia?"

Mwanatatu alinishika mkono tena. Tulishuka. Njiani aliniuliza tumepata ngapi. Nikamwambia, elfu kumi na mbili na mia mbili. Akasema, "Hiyo hata mlango wa friza haitoshi," akaenda kuwasha mkaa.

Mbio zilianza saa tano, na hapo ndipo Gitobu alipotuharibia mambo bila kukusudia. Gitobu ni dereva wa pikapu ya miraa kutoka Maua, mwanaume mnene, mkimya, mwenye mkono mmoja mweusi kuliko mwingine kwa sababu ya kuutoa dirishani. Alikuja kwa Mwanatatu kabla ya zamu yake akiwa na wasiwasi.

"Mama, hii gari haijawahi kukimbia tupu. Tangu niinunue. Tupu inarukaruka kama mbuzi, matairi ya nyuma hayashiki. Nipe mzigo."

"Mzigo gani?"

"Wowote. Kilo mia tatu hivi. Nikisikia uzito nyuma, mguu unajua kazi."

Mwanatatu alitazama huku na huku. Kitu kizito alichokuwa nacho ni magunia manane ya mkaa wa kuchomea nyama. Alimkodishia kwa shilingi hamsini kila gunia. Gachoki alikuja mbio.

"Mathe! Kwa dragi watu wanatoa uzito! Wanang'oa mpaka viti! Huyu anabeba mkaa?"

"Sheria inasema nini, karani?"

Niliangalia. Sheria, ambazo niliziandika mwenyewe, zilisema hakuna abiria. Hazikusema neno kuhusu mkaa.

Bendera ilishuka. Gitobu aliondoka akipiga honi, akaendelea kupiga honi mita zote mia nne kwa sababu ndivyo alivyozoea, na pikapu ilikwenda kama iliyotumwa uwanja wa ndege. Alimshinda mpinzani wake kwa urefu wa magari mawili. Lakini magunia hayakuwa yamefungwa midomo vizuri. Wingu jeusi liliinuka nyuma yake, likasimama kidogo, likafikiria, kisha upepo wa asubuhi ukalipeleka moja kwa moja kwenye hema la wenye tiketi. Lilipopita, watu sitini na mmoja waliolipa mia mbili walikuwa wamekaa weusi tii, meno tu yakionekana. Kilimani kwa ishirini hakuna aliyechafuka hata kola. Walipiga makofi.

"Turudishiwe pesa!" alipiga kelele mwanaume mmoja mwenye suti.

"Risiti haisemi lolote kuhusu vumbi," Nelius alimjibu bila kuinua kichwa.

Hawakurudishiwa. Kwa hiyo walifanya jambo baya zaidi. Mmoja mmoja, wakijipangusa, walitoka hemani, wakavuka barabara, wakapanda kilimani na kumlipa Mzee Njoka ishirini nyingine.

Saa saba Kaimenyi alifika na pikapu. Ndani yake kulikuwa na kamba na godoro kuukuu, lile la kuwekea vitu visikwaruzike. Nelius alimtoza mia mbili. Alilipa kwa upole, akaja kusimama karibu na jiko la nyama, akamsalimu Mwanatatu na kuuliza habari za nyumbani. Jumla yetu, pamoja na mia mbili zake, ilikuwa elfu kumi na nne na mia nane. Nyama ilikuwa ikirudisha tu bei ya fahali aliyechinjwa kwa ajili ya siku hiyo. Mwanatatu aligeuza mbavu zote, moja moja, kisha akazigeuza tena.

Halafu aliniuliza, "Nelius ameandika majina?"

Nelius hawezi kupokea pesa bila kuandika jina. Ni mafunzo ya kanisani. Kila risiti ilikuwa na jina la mtu na mahali anapotoka.

"Lete kitabu," alisema, akaenda kwa Salesio.

Salesio ndiye aliyekuwa kwenye maikrofoni. Yeye huendesha harusi, mazishi na harambee za eneo zima, na tangu asubuhi alikuwa amekosa raha, maana hakuna aliyemweleza la kusema wakati magari mawili yanapita kwa sekunde kumi na sita. Alikuwa amewashukuru madereva kwa kufunga safari salama mpaka akachoka.

"Salesio, geuza spika."

"Zitazame wapi, Mama Rukaya?"

"Kilimani. Kisha soma majina ya waliosaidia hizi mbio. Soma na kwao."

Uso wa Salesio ulibadilika kama wa mtu aliyerudishiwa koti lake. Aliigonga maikrofoni mara mbili.

"Mabibi na mabwana mlioko juu, poleni na jua. Sasa tutasoma majina ya watu wetu waliosimama na vijana leo. Sisomi kumwaibisha mtu. Ninasoma kushukuru."

Aliyasoma polepole. Majimbo, watu thelathini na mmoja. Kila jina aliliacha lipande kilimani kabla ya kulifuatisha lingine. Runyenjes, ishirini na wanane. Meru, kumi na watano, na hapa Gitobu aliinua mkono. Kisha Salesio akakisogeza kitabu karibu na macho. Akafunua ukurasa. Akaufunua nyuma.

"Kibugu," alisema. "Ninatafuta Kibugu. Ngojeni, labda kurasa zimeshikana." Akazitenganisha kwa kidole. "Kibugu sioni."

Kilimani watu waliacha kutafuna.

"Labda bonasi ya Kibugu haijafika," Salesio aliendelea kwa sauti ya huruma. "Ndugu zetu wana matatizo. Tuwakumbuke katika sala zetu."

Ikumbukwe kwamba bonasi ilikuwa imeingia jana yake, na kwamba kila mtu kilimani alijua kiasi cha mwenzake. Dakika moja haikuisha. Mzee mmoja mwenye koti la mvua la kuchumia chai alisimama kutoka safu ya tatu, akashuka kilima chote huku watu wakimwachia njia, akavuka barabara, akaweka noti ya mia tano mbele ya Nelius.

"Andika Kibugu," alisema. "Na asome sasa hivi."

Salesio alisoma. Kilima kikapiga makofi. Hapo wa Kibugu wengine walisimama, wawili, watano, kwa sababu mzee yule sasa alikuwa ametoa peke yake na angewaambia habari hiyo miaka kumi. Wa Runyenjes walipoona Kibugu imewapita, walianza kutuma kwa simu, na simu yangu, ambayo kwa kawaida hulia mara mbili kwa wiki, ilitetemeka mezani mpaka ikaanguka. Mama mmoja alitoa mia mbili akisema isomwe kwa jina la mume wake, ambaye alikuwa ameketi kilimani akijifanya haoni. Gitobu alitoa elfu moja kwa niaba ya barabara yote ya Maua. Gachoki aliposikia hivyo alitoa elfu moja na hamsini. Mwanaume mwenye suti nyeusi, ambayo asubuhi ilikuwa ya kijivu, alirudi akatoa mia tatu nyingine, akaomba itajwe kwamba ni mara yake ya pili.

Mwanatatu alikuwa amerudi kwenye jiko. Niliposogea kumwambia tumefika wapi, alikuwa akitazama mkaa. "Sisi wenye bucha tunaijua hiyo," alisema. "Februari walinisomea jina langu kwenye harambee ya paa la kanisa. Kanisa! Lakini walikuwa wamemsoma mwuza kuku kwanza, ametoa elfu. Ningefanyaje? Nilitoa mguu mzima wa mbuzi."

Saa tisa na nusu Salesio alishusha sauti.

"Tumebakisha mtu mmoja," alisema. "Mwenye kilima chenyewe. Mzee Njoka wetu. Ametupa mahali pa kukaa leo. Bila shaka anajipanga. Sisi tutamngoja. Hata kama ni mpaka jioni, tutamngoja."

Watu mia nne waligeuka nyuma kumtazama Mzee Njoka. Alikuwa amekumbatia mkebe kifuani. Alivumilia kidogo, nampa sifa yake, labda kama dakika tatu. Kisha akashuka, mkebe ukilia kila hatua, akaufungua mbele ya Nelius na kuhesabu elfu nne kwa sarafu na noti za hamsini.

"Soma mara mbili," alimwambia Salesio. "Elfu mbili ni zangu. Elfu mbili ni za mama watoto."

"Yuko hapa, Mzee?"

"Yuko nyumbani. Hajui."

Zilisomwa mara mbili. Makofi ya pili yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza, na Mzee Njoka alipanda kilima chake ameshika kofia mkononi kama mgeni wa heshima.

Mbio za mwisho zilikuwa saa kumi, Gachoki na Gitobu. Safari hii magunia yalishonwa. Mwanatatu hakwenda kutazama. Alisimama kwenye jiko, mgongo barabarani. Injini zilinguruma, honi ya Gitobu ikaanza, na nilimsikia akisema kwa huzuni, "Ameiweka ya tatu mapema tena." Gitobu alishinda kwa pua. Gachoki alipitiliza, akaingia kwenye magunia ya maganda ya kahawa, akatoka amefunikwa maganda mpaka kwenye nyusi, akaenda kumpa Gitobu mkono. Zawadi ilikuwa beberu. Gitobu alimfunga nyuma ya pikapu, akarudisha magunia yote manane, akaondoka na mnyama huyo akiwa amesimama katikati, na kutoka mbali tulisikia akipiga honi mpaka barabara kuu.

Nelius alihesabu mara tatu. Langoni, elfu kumi na nne na mia nane. Kilimani na kwenye simu, elfu thelathini na tano, mia tatu na hamsini. Kaimenyi alipewa elfu arobaini na nane zake saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Alizipokea kwa upole ule ule, akampongeza Mwanatatu, akaagiza nyama ya mia nne, kisha akakunja kamba zake na kulipakia godoro tupu. Salesio alipewa elfu moja ya sauti yake. Zilibaki shilingi elfu moja, mia moja na hamsini, ambazo Gachoki alisema ni faida na Nelius akasema ni mtaji.

Watu walipokwisha kuondoka tulibaki sisi wawili, tukikunja viti. Mwanatatu alikipangusa kila kiti vumbi la mkaa kabla ya kukifunga. Siku nzima nilikuwa nimeandika majibu ya watu wengine bila kuuliza lolote. Nikamuuliza.

"Mama Rukaya, ulijua kwamba wangetoa?"

"Sikujua," alisema. "Asubuhi kabla hatujaondoka niliitoa nyama yote nikaiosha friza. Sikutaka Kaimenyi aichukue ikiwa chafu."